Picha Iliyofunika Maandazi

Baba Rehema, mume wangu,

Nina ujumbe wako. Lakini siwezi kukupa hivihivi, lazima kwanza niseme nilichokufanyia, na wewe unanijua: kumsema jirani mdomo wangu hausiti, kujisema mwenyewe ndiyo kazi.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka angani? Mpiga picha wa wapima ardhi aliugua, wakaja kukuchukua wewe pale studio kwenu Mchafukoge, mkapanda kindege mpaka mdomo wa Rufiji. Picha zao ukawapigia, na zako ukapiga kwa filamu yako mwenyewe. Ulirudi nyumbani huli, husemi, unaangalia mgongo wa mkono wako tu. "Mama Rehema," ukaniambia, "mto unapoingia baharini una mishipa kama hii." Nikakuuliza kama umepigwa na jua.

Kisha ukafanya lile lililoniudhi. Karatasi za picha zilikuwa haba mjini, na wewe ile kubwa ya mwisho, ambayo ungekatia picha za pasipoti sijui ngapi, ukaimaliza kwa picha moja ya matope na mikoko! Ukaibandika kwenye hadibodi, ukaja nayo nyumbani Kariakoo umeikumbatia kama mtoto. Mimi siku hiyo nimeshinda kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri, nimerudi na kikapu kitupu.

"Ya nini hii?" nikauliza.

"Si ya kitu. Nzuri tu."

"Inaliwa?"

Ukacheka. "Hailiwi."

"Basi kwangu kila kitu kina kazi."

Kesho yake nikaifunikia beseni la maandazi yangu ya kuuza pale barazani. Ilienea sawasawa, utadhani ulipima. Adhuhuri ulikuja kula, ukaikuta imelowa mvuke na mafuta, nzi wanatembea juu ya Rufiji yako. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, maneno nimeyapanga. Wewe ukasema, "Afadhali imepata kazi," ukanywa chai yako. Tangu hapo ulipiga maharusi na pasipoti tu, na mimi nikajisifu kwa mashoga zangu kwamba nimekuponya.

Hilo ulilijua. Usilolijua ni hili.

Wiki ileile alikuja Salum, yule mchukuzi wa magunia sokoni, akataka maandazi mawili. Nikainua kifuniko, akanizuia. "Dada, ngoja kwanza." Akaifuta picha kwa mkono wa shati, akafuata kijito kimoja kwa kidole, polepole, mpaka kwenye kona ya chini, akasimama hapo. "Hapa ni kwetu," akasema. "Minazi ya marehemu mama ndiyo hii. Tulihama wote kwenda kijiji kipya, hakubaki mtu." Jitu zima lile, likalia mbele ya wateja wangu. Wanawake wakaanza kumcheka. Akaniuliza, "Nani aliyepiga hii?"

Nikasema, "Sijui. Tuliiokota."

Nilikukana, Baba Rehema. Niliona haya mbele ya wale wanawake kusema kwamba mume wangu ndiye anayemaliza karatasi kwa mikoko. Na jioni uliponiuliza habari za biashara, nikakujibu nzuri. Neno moja tu lingetosha: kuna mtu ameililia picha yako. Lakini nilijua ukilisikia utakuwa umenishinda, na mimi sikutaka unishinde. Nikajiambia nitakwambia kesho. Zikawa kesho za miaka mitano, mpaka tukakuzika. Hata sasa nikikumbuka naona uso unaniwaka.

Mwezi uliopita nilikuta filamu zako ndani ya kopo la maziwa. Picha yenyewe ilikwisha kwa mafuta, niliitupa kwa mikono yangu. Nikaipeleka ile ya Rufiji studio. Wakaniambia karatasi kubwa hakuna, iliyopo ni ya pasipoti. Haya, nitafanyaje? Rufiji yako nzima ikaingia mahali pa uso wa mtu mmoja.

Nikampelekea Salum sokoni. Siku hizi mvi zimemjaa. Akaisogeza karibu kabisa na macho, akaitafuta ile kona, akaipata. Akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Halafu akauliza, kwa adabu, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza: "Dada, nani aliyepiga?"

"Mume wangu," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa, wachukuzi wengine wakageuka.

"Mwambie ahsante sana."

Sikuweza kumwambia kwamba umekufa. Nilimjibu, "Nitamwambia leo jioni."

Basi jioni yenyewe ndiyo hii. Salum anasema ahsante sana.

Ni mimi mkeo niliyechelewa,
Mama Rehema