Makofi ya Mstarini

Wifi Lucia,

Maharage yako jikoni. Tafadhali yaongezee maji yasiungue. Minza amelala, usimtume kisimani. Hatakwenda shule ~~wiki hii~~ leo tu.

Ulitoka kwenda sokoni Kashaulili kabla hajaeleza kilichomliza. Jana mstarini walimu waliwaita mbele watoto ambao baba zao ni wanajeshi, wakawapa kalamu na kuwapigia makofi. Nia yao ilikuwa njema. Lakini pale mbele ndipo husimamishwa watoto waliofiwa, ili shule nzima iwape pole. Leo asubuhi, ulipokwisha kuondoka, aliniambia, “Mama, acha kunificha. Baba alikufa lini?” Nilimwapia kwamba kaka yako ni mzima, yuko kambini Kigoma. Hakuniamini.

Nimechoka, wifi, lakini nimekwenda kumwomba mwalimu mkuu aje amweleze mwenyewe.

Akiamka kabla hatujafika, mwambie baba yake yu hai. Ila usimkumbatie tena huku unalia. Ulipofanya vile asubuhi kwa kumwonea huruma tu, ndipo alipopata hakika kwamba amefiwa.

Ni mimi wifi yako,
Mama Minza