Ile Picha Uliyosema Nimeiharibu

Abomey,
14 Machi 1994

Kaka yangu mpendwa Zinsou,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mvua za Libreville hazijakuvujia tena darini. Wifi Célestine hajambo? Na yule mdogo, ameshaacha kula sabuni? Huku sisi tupo. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima. Ni macho tu ndiyo yanayomsumbua, na habari za macho nitazifikia. Wale kuku wawili uliotuachia tuwatunze tumeshawala, samahani.

Barua yako ya Februari niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae kwa hasira. Unasema studio ya baba ifungwe. Unasema ukija Pasaka utatia saini na yule mwenye saruji, apange mifuko yake pale baba alipokuwa akipanga watu. Unasema tangu faranga ikatwe thamani mwezi wa kwanza, mkanda wa filamu ya rangi umepanda mara mbili, kusafisha kumepanda, karatasi imepanda, na hata mtoto anaona kwamba kazi hii imekufa. Halafu, kana kwamba hayo hayakutosha, ukaniongezea la Desemba: kwamba ulipokuja likizo nilikukalisha mbele ya pazia na lile shati la njano, nikakupiga picha, nikasema imeharibika, nikakuhamishia upande wa pili wa benchi nikakupiga tena. Mtu anayeharibu filamu namna hiyo, umeandika, hata angepewa bure angefilisika. Na umeandika kwamba wifi alicheka sana.

Haya, acha acheke. Sasa na mimi nisikilizwe.

Kuhusu bei sikubishii. Tulilala na pesa nzima tukaamka na nusu, na yule Mlebanoni wa Bohicon anayetuuzia mikanda alifunga duka siku mbili ili abadilishe bei kwa utulivu. Nilipoingia siku ya tatu nilidhani amekosea, nikamwambia mimi nataka mkanda, sitaki kununua kamera. Hakucheka. Wateja nao wakatoweka. Mtu aliyekuwa akija na watoto wake watano kila sikukuu, sasa anapita mbele ya studio akiangalia upande wa pili wa barabara.

Lakini kaka, mkanda wa Desemba ulikuwa bado umo ndani ya kamera. Unakumbuka mambo yetu: mkanda hausafishwi mpaka ujae, kwa sababu maabara ya Cotonou inakutoza bei ileile hata ukiwapelekea nusu. Zilibaki nafasi kumi, na hapakuwa na mtu wa kuzijaza. Na ndani ya mkanda ule ilikuwemo picha moja ambayo Mama alikuwa akiisubiri kuliko chakula. Kila asubuhi ananiuliza, umeshajaa? Ipi hiyo, nitakuambia. Usiruke mistari, nakujua.

Daktari alimwangalia macho Januari. Akaniita pembeni, akasema ugonjwa wenyewe si wa kupasua, umeshakula ndani, na kabla ya mvua kubwa atakuwa gizani kabisa. Nilijaribu kumficha Mama. Akaniambia nisijisumbue, yeye ndiye mwenye macho. Nyuso zimeshamwacha, akasema, hata mimi ananijua kwa miguu ninavyoiburuta. Kilichobaki ni rangi. Khanga nyekundu ya jirani anaiona, mafuta ya mawese sufuriani anayaona. Ndiyo maana ushauri wako kwamba nirudi kwenye picha nyeusi na nyeupe za baba, eti ni rahisi na nasafisha mwenyewe nyumbani, ulinichoma. Za vitambulisho ninazipiga hivyohivyo, na ndizo zinazotulisha. Ila Mama ukimpa picha nyeusi na nyeupe anaona majivu. Nilimjaribu na picha ya harusi yako. Aliigeuza huku na huku akauliza ni karatasi ya nini.

Basi nikawa nashindana na mambo mawili, mkanda usiojaa na macho yanayofungika.

Chama chetu cha wapiga picha kikaitisha mkutano. Mwenyekiti bado ni Kpossou, yule mwenye meno ya dhahabu aliyejifunza kazi kwa baba. Akatuletea dawa yake ya ughali. Akasema msibani na harusini watu wanataka nini? Wanataka mwanga. Mtu mzima akikaa msibani saa nzima bila kumulikwa flashi anaona amedharauliwa. Kwa hiyo tuwamulike wote, lakini kamera iwe tupu. Mkanda utiwe mwishoni tu, kwa wale wachache watakaoagiza kwa jina. Wengine wakija kudai tutasema maabara imeunguza. Ukumbi mzima ukapiga makofi! Wanaume wazima, kaka, wenye vyeti ukutani, wanashangilia kupiga picha hewa.

Nilisimama nikasema mimi simo. Kpossou akanibembeleza, dada Dossi, watu wanataka mwanga, wape mwanga. Nikamwambia kama kazi ni mwanga tu, auze taa. Mtu mmoja nyuma akasema kichwa kigumu huyu, kama marehemu babake, na nikamshukuru.

Wiki iliyofuata ulikuwa msiba wa mzee Ahouansou, unakumbuka nyumba yao, karibu na soko la mitungi. Vikundi vya waombolezaji vilikuja na sare zao, kila kikundi kitambaa chake, ngoma, mbuzi, vinywaji, na wapiga picha sita wa chama, Kpossou mbele, wakimulika kama radi. Mimi nilisimama mlangoni na kamera yangu yenye nafasi kumi, nikatangaza kwamba kwangu mtu analipa kwanza ndipo anapigwa.

Weee! Ungedhani nimewatukana. Unajua kwetu picha hulipwa ikishaonekana, na anayelipishwa kabla anahisi ameitwa tapeli. Mama mmoja muuza mawese, mnene, mwenye shanga hadi kiwikoni, akanijia juu: "Kwani unafikiri nitakufa kabla picha haijatoka?" Nikamjibu: "Mama, ukifa nitakuletea kaburini na fremu nakuwekea bure, lakini leo lipa." Akaangua kicheko mpaka shanga zikalia, watu wote turubaini wakacheka naye. Akatoa pesa kifuani. Mwenzake mmoja akauliza kwa nini alipe wakati wale wengine wanapiga bila kudai kitu. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hata na maiti, kwamba yangu ina filamu ndani, na kuhusu zao akawaulize wenyewe.

Kpossou aliniangalia kama nimemwaga chakula cha watoto wake. Watu wakaanza kuwauliza. Wengine wakataka kamera zifunguliwe. Mimi sikungoja kuona mwisho. Nafasi zangu kumi zilijaa kabla mbuzi hajaiva, na wawili nikawarudisha. Keshoye nikaletewa habari kwamba nimefukuzwa chamani. Wakitaka na kile cheti waje wakichukue, kimetundikwa juu, ngazi nitawaazima.

Nikaenda Cotonou na mkanda kifuani. Nikafika maabara kwa Bwana Ahoyo, na kabla sijautoa nikaona picha zake zimetandazwa mezani zinasubiri wenyewe. Kaka, nyuso za kijani! Bibi harusi kijani, bwana harusi kijani kama bamia, hata padri. Nikamuuliza hawa wana ugonjwa gani. Akasema ni mwanga wa siku hiyo. Nikamwambia mimi nimezaliwa kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia picha, asinichezee. Dawa yake ilikuwa imechoka. Ilipopanda bei hakubadilisha tena, akawa anaisukuma wiki baada ya wiki kama mchuzi unaoongezwa maji. Na mkanda ukishapita kwenye dawa iliyokufa umekwisha, hakuna kurudia.

Nikasema simpi mpaka atie dawa mpya. Akasema basi nenda kwingine. Nikasema siendi, nikavuta kiti nikakaa mlangoni. Kila mteja aliyeingia nilimsalimu vizuri, nikamwomba aangalie zile picha za mezani kabla hajatoa mkanda wake. Wa kwanza akaondoka. Wa pili akaondoka. Wa tatu alikuwa ndugu wa yule bibi harusi wa kijani, na hapo sikuhitaji tena kusema neno. Ahoyo akaniita mchawi, akaniita mwanamke asiye na mume wa kumfunza adabu. Nikamwambia mume alikuwepo, alishindwa, akaenda. Alasiri akafungua dumu jipya mbele ya macho yangu huku akinilaani. Nikamwambia alaani tu, mradi amimine.

Sasa nafika pale ulipokuwa unataka kuruka.

Kaka, Desemba sikuharibu picha. Nilikudanganya, na naandika hivyo bila kukuomba radhi. Ulipokaa upande wa kushoto wa benchi, nilikuwa nimefunika nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi. Nikakupiga, sikusogeza mkanda. Nikakuhamishia kulia, nikafunika ile nusu nyingine, nikakupiga tena. Ni nafasi moja tu ya filamu, wewe mtu wa mahesabu. Wala si picha ya mtu mmoja. Kushoto ni wewe. Kulia ni Sagbo, pacha wako.

Najua umeiweka barua chini. Iokote.

Ni Mama aliyeomba. Ulipofika likizo jambo la kwanza ulilomwambia, kwa mafundisho ya hilo kanisa lako jipya, ni kwamba kile kisanamu cha mti kinachomsimamia Sagbo, anachokitia kwenye pindo la khanga, ni kigogo tu, akitupe jikoni. Na ukasema mbele yake kwamba Sagbo alikufa. Kaka! Miaka thelathini na mbili katika nyumba hii hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo juu ya pacha. Sagbo alikwenda porini kuokota kuni. Hivyo ndivyo wazee wanavyosema na hivyo ndivyo tutakavyosema. Mama hakukujibu. Ulipokwenda kuoga aliniita, akasema anataka kuwaona wanawe wawili pamoja kabla hajafunga macho, kama mama wengine wenye mapacha ambao mmoja amekwenda kuni, aliyebaki anakaa pande zote mbili, mara moja kwa niaba ya mwenzake, na nisikuombe ruhusa kwa sababu ungekataa. Lile shati la njano ulilosema linakufanya ufanane na ndizi, alilichagua yeye. Ndiyo rangi aliyowavika nyote wawili, na ndiyo rangi anayoiona vizuri kuliko zote.

Na mimi ningekataaje? Baba alipiga picha Abomey nzima. Alipiga machifu, wachawi, watoto wa watu, mpaka mbuzi wa watu. Wanawe hakuwapiga. Kila Mama alipomwomba alisema filamu ni ya wateja, tungoje bei ishuke. Surua haikungoja. Sagbo alikwenda na miaka tisa, hatuna hata kivuli chake, na mimi nilikuwa namsikia baba akilia kwenye chumba cha giza, maji ameyafungulia ili tusisikie. Bei haikushuka siku ile na haishuki leo. Wewe nawe unaniandikia nifunge, ningoje mambo yatengemae. Sisi tulishangoja mara moja, Zinsou.

Picha ilitoka safi. Shati linawaka, hakuna hata chembe ya kijani. Nilimpelekea Mama mlangoni jua likiwa kali, akaishika karibu na pua mpaka nikahofia ataichafua. Akaiweka hivi, akaiweka vile. Akasema, njano. Akasogeza kidogo. Akasema, njano nyingine. Akaanza upya kama mtu asiyeamini chenji yake, njano, na njano nyingine, kidole kikitoka kwako kwenda kwake, kutoka kwake kurudi kwako. Nililia, sikufichi. Yeye hakulia. Alikitoa kile kisanamu pindoni akakilaza mapajani, akasema mwanangu amenenepa huko porini. Halafu akanigeukia amekunja uso, akauliza: "Sasa, siku zote hizo, kuni ziko wapi?"

Akacheka mpaka majirani wakaja.

Wiki mbili sasa. Juzi aliniambia njano imeanza kuwa kama maziwa, lakini bado ziko mbili. Mwenye saruji mwambie atafute chumba kingine. Ukija Pasaka na kalamu yako utanikuta nimekaa mlangoni, na Ahoyo wa Cotonou atakueleza mimi nikishakaa mlangoni inakuwaje. Nakala yako imo humu ndani ya bahasha. Ukitaka kuichana, ichane. Negativu ninayo mimi, nitasafishisha nyingine Cotonou kwa bei yoyote watakayoitaja.

Msalimie wifi, mwambie nilicheka na mimi. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, anasema usisahau kula, na mwenzako naye umwachie nafasi mezani.

Mimi niliyezaliwa nyuma yenu, mdogo wenu nyote wawili,

Dossi