Ardhi Iliyolishwa Nyasi

Ngokolo, Shinyanga
Januari 1950

Kwa kaka yangu Theonest,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na wifi Justa na watoto, na kile kifua kilichokuwa kinakubana kwa vumbi la shimoni kiwe kimelegea. Sisi huku tunapumua. Mpwa wako Bernadina ametimiza meno yake yote na hataki kufunga mdomo, anataka kila mtu ayaone. Mama mkwe anakusalimu pia, ingawa anasema salamu za karatasi hazina joto, afadhali ungekuja akuone uso.

Donatus amefika na nguo za mtoto ulizompa alete, tumezipokea, asante sana. Amenieleza na yale aliyokwambia huko Geita, kwamba nimechomewa nyumba, na kwamba wewe ulianza kukusanya vijana wa kwetu wa hapo mgodini ili mje kunichukua kwa nguvu. Kaka, nakusihi usije na watu. Nyumba haikuungua. Kilichoungua ni bustani, na namna ilivyoungua sivyo alivyosikia Donatus. Nitakueleza tangu mwanzo ili uelewe kwa nini nakuzuia.

Utakumbuka nilipoolewa na Mageni ulinitania ukasema mtoto wa migombani ataishi vipi katika nchi isiyo na kivuli. Mwaka wa kwanza nililia kweli. Udongo wa hapa jua likiwaka hupasuka, na mvua ikinyesha maji huteleza juu yake na kwenda zake. Nilipanda mchicha, ukaota mwembamba kama nywele za mgonjwa. Ndipo nikafanya kama marehemu mama alivyofanya kwenye kibanja chetu: sikuuacha udongo uchi. Nilichimba shimo nyuma ya jiko nikatupa humo majivu, maganda ya karanga, samadi ya zizini na kila kilichooza. Wenzangu walipochoma mabua ya mtama baada ya kuvuna, mimi niliwaomba wanipe, nikayalaza chini kati ya miche. Nyasi kuukuu zilizobomolewa kwenye mapaa nilizibeba kichwani. Palipotoka kabichi nilipanda kunde, na kunde zikishachumwa nikazilaza hapohapo zioze. Majirani walicheka, wakasema mke wa Mageni anaifunika ardhi blanketi. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa anasimama kwenye uzio wa minyaa, ananitazama kitambo, halafu anaondoka bila neno. Nikadhani hanipendi.

Baada ya miaka kadhaa udongo ule ukawa mweusi, ukiufumbata unaacha unyevu kiganjani. Nikawa nawauzia nyanya na kabichi wapishi wa mgodi wa Mwadui na wenye maduka wa mjini. Nilikuandikia habari hizo wakati ule, nikijisifu kidogo.

Mwaka jana mvua ikakataa. Malambo yalikauka mpaka ng'ombe wakawa wanalamba tope. Mageni akawaswaga wetu kuelekea upande wa ziwa pamoja na wanaume wengine kutafuta majani, tukabaki mama mkwe, mimi na Bernadina. Na bustani yangu ikabaki kijani. Haikuwa imestawi, kaka, nilikuwa nainyweshea maji machafu ya kuoshea vyombo, kata kwa kata, na nyasi zile chini zilizuia jua lisiyanywe. Lakini nchi nzima ilikuwa imepauka, hivyo kijani kile kidogo kilionekana toka mbali. Nilianza kutamani kisionekane.

Kisha likaitishwa baraza la kuamrishwa matuta na kupunguza mifugo. Watu walikuja wamenuna, maana wangepunguzaje mifugo ambayo njaa ilikuwa inaipunguza yenyewe. Katikati ya manung'uniko bwana shamba mmoja akasimama akawaambia waache uvivu, waende wakaone bustani ya mke wa Mageni, mgeni kutoka Bukoba, ambaye hakungoja kuamrishwa. Alidhani ananisifu. Mimi nilikuwa nimeketi kwa wanawake, nikaona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyetabasamu.

Toka siku hiyo nikifika kisimani mazungumzo yanakatika. Nikisalimu, naitikiwa kwa midomo iliyobanwa.

Kaka, nataka umjue vizuri jirani yetu Kalisti, usije ukamchukia bure. Huyu ndiye aliyemsaidia Mageni kusimamisha nguzo za nyumba yetu. Mkewe Philomena ndiye aliyenipokelea Bernadina alipozaliwa. Lakini ukame ulikuwa unamchukulia ng'ombe wake mmoja mmoja, na kila akitupa mzoga alikuwa anapita mbele ya bustani yangu. Siku moja alisimama kwenye uzio akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Bernadina, nyasi zote hizi umemlisha nani?" Nikamweleza kwamba nilizitandaza kabla ya ukame, sasa zimeoza hata mbuzi hawazigusi. Akazitazama. "Ng'ombe wetu wanakufa," akasema, "na wewe unailisha ardhi." Hata leo namwona ana haki, maana nyasi ni nyasi, na yeye alikuwa anatoka kumtupa ndama.

Wiki chache baadaye mtamba wake wa mwisho alivunja uzio mchana, akavamia kabichi na kunde mbichi kwa ile njaa yake. Tulipomkuta alikuwa ameshavimba tumbo kama ngoma. Akaangukia hapohapo juu ya tuta. Kalisti alikuja, na mimi nilijiandaa kusikia matusi. Hakutukana. Alichuchumaa akamshika mtamba pembe, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akainuka akamwambia mama mkwe polepole, kama mtu anayempa pole mwenzake: "Mama Mageni, ardhi ya mkamwana wako imeanza kula."

Hapo nikajua. Wewe umeishi Usukuma na Uzinza miaka mingi, huhitaji nikueleze neno la uchawi linamfanya nini mwanamke, tena mgeni, tena mume wake hayupo. Halikutamkwa mbele yangu hata mara moja. Walinizunguka nalo tu. Watoto walikatazwa kucheza na Bernadina. Mama mmoja aliyekuwa akinunua nyanya zangu kila soko alizirudisha, akaziweka chini mlangoni, akaondoka kinyumenyume.

Philomena ndiye aliyenionya. Kisimani alijifanya anatua mtungi karibu nami, akasema bila kunitazama kwamba mumewe na wenzake wamekwenda kwa mfumu, mganga wao wa kupiga ramli, kuku amepasuliwa, na matumbo yake yameonyesha upande wetu. Wanangoja soko lipite ndipo waje. "Ondoka," akasema, "mumeo hayupo." Nikamuuliza niende wapi na mtoto, njia zote zinapita kwenye miji yao. Alijitwisha mtungi akaenda zake.

Kaka, sijawahi kuogopa vile. Nikisikia jembe linagonga jiwe mahali, nadhani ni panga linanolewa. Nilimfunga Bernadina mgongoni kutwa nzima, mtoto mkubwa wa kutembea, mpaka akalia. Nilimweleza mama mkwe aliyosema Philomena. Hakushtuka, hakunipa pole. Alitazama bustani, akaniambia kesho niende kisima cha mbali na mtoto, nisirudi upesi. Nikaona hata yeye ananiondoa machoni pake.

Kesho yake nilikwenda. Jua lilikuwa la utosi nilipogeuka kurudi, upepo ukivuma mkavu, nikaona moshi juu ya kwetu. Nilitupa mtungi nikakimbia. Minyaa ilikuwa inapasuka kwa milio, na moto ulikuwa unatembea chini kwa chini, kwa sababu nyasi kavu za juu zilizoilinda bustani ndizo zilizoimaliza. Watu walikuwa wamesimama pembeni, wengi, Kalisti akiwa mmoja wao. Hakuna aliyezima, na sikuwalaumu, nani angemwaga maji mwaka ule. Nilitaka kuingia angalau ning'oe miche ya vitunguu. Mama mkwe akanikamata kiunoni kwa nguvu nisizozijua kwa mwili ule, akanisemea sikioni, "Acha iungue, ng'wanone, mwanangu. Lia. Lia wakuone." Nikalia. Sikuhitaji kuambiwa.

Basi, kaka, kitu kikawa kama kimewatoka watu. Walioniogopa walianza kuja kunipa pole. Kila mmoja alimshuku mwenzake kuwa ndiye aliyewasha, na kila mmoja aliona haya. Kalisti alileta kibuyu cha mtama, wakati kwake mwenyewe watoto walikuwa wanalala na uji, akaapa mbele ya mama mkwe kwamba mkono wake haukugusa moto ule. Nilikipokea kwa mikono miwili nikamshukuru.

Sasa nifike kwenye lile ambalo Donatus halijui.

Siku tulizokuwa tunachambua mbegu zilizosalia, niliona pindo la kaniki ya mama mkwe limeungua, limekunjwa na kushonwa kwa ndani. Aliniona nikilitazama. Akasema, "Ni mimi." Alisema kama anayetaja jina lake. Kisha, huku vidole vikiendelea kuchambua, alinieleza jambo ambalo hajapata kumwambia hata marehemu mumewe. Yeye alizaliwa upande wa Usumbwa. Mama yake alikuwa na shamba dogo la mtama mahali palipokuwa zizi la zamani, na mwaka wa njaa mtama ule ulibeba wakati wa wengine ulinyauka. Majirani walikuja mchana. Yeye alikuwa msichana mdogo, akajificha ndani ya ngitiri, kwenye majani marefu yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ndama, akasikia yote mpaka sauti ya mama yake ilipokoma. Ndiyo maana miaka yote alisimama kwenye uzio akitazama udongo wangu unavyozidi kuwa mweusi. Hakuwa ananichukia. Alikuwa anaogopa, na hakujua aniambieje niache kitu kizuri. "Mboga huota tena," akaniambia. "Wewe wakikukata, nani atakuotesha?"

Nilimshika miguu. Lakini sikupata raha, kwa sababu Mageni alirudi na ng'ombe wachache waliobaki, na alipoona majivu alikwenda kuchukua mkuki. Alikuwa na uhakika ni Kalisti. Nilimsihi, akanisukuma kando. Nikawa natazama mdomo wa mama mkwe, nikijua kwamba akinyamaza mtu asiye na hatia atakufa, na akisema, habari itatoka kwamba sisi wenyewe tuliwadanganya watu, na yote yataanza upya.

Alisema. Alisimama mlangoni akamwambia mwanawe kwamba anayemtafuta ndiye huyu aliyemzaa. Kisha akamtaka aweke mkuki chini, wakaenda wote kwa Kalisti kabla uvumi haujamfikia kwa njia nyingine. Nami nilifuata na Bernadina mgongoni. Kalisti alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda. Mama mkwe alipomaliza, Kalisti akauliza kama kweli sisi, majirani zake, tulidhani angefika kuniua. Philomena, aliyekuwa anakoroga uji, ndiye aliyejibu bila kugeuka: "Ungefika, Baba Januari. Mimi niliona ulivyokuwa hulali ukingoja soko lipite."

Kalisti hakumpiga wala hakumkemea. Alijifunika uso kwa mikono.

Mvua zimekuja, kaka, kwa kuchelewa, lakini zimekuja. Asubuhi moja tulimkuta Kalisti kwenye bustani na ng'ombe wa Mageni, akiburuza samadi kutoka zizi lake lililobaki tupu. Aliimwaga pale palipoungua, akarudi kuleta nyingine. Philomena naye amechimba shimo la takataka nyuma ya jiko lake, na wanawake wawili watatu wameniomba niwaonyeshe namna ya kulaza mabua. Mama mkwe anasema niwaonyeshe wote, hata wasioniuliza, maana kijani kikiwa cha kila mtu hakuna atakayemuuliza mmoja alikitoa wapi. Nawaonyesha. Lakini kila ninapomwachia mwenzangu mche, naogopa: ukifa, atasema nini, na mwanawe akiumwa wiki hiyo, atasema nini.

Ndiyo maana nasema usije na watu. Mkija na hasira, mtawakumbusha yale wanayojitahidi kuyasahau. Njoo peke yako, siku ya kawaida, ule mchicha, uwasalimu. Habari ya mama mkwe ibaki kwako. Huku zinaijua nyumba mbili tu, na Kalisti ameapa haitatoka. Na ikitokea siku moja ukamwona mama mkwe kizingitini kwako Geita na Bernadina mkononi, mimi sipo, mpokee mtoto kwanza, maswali baadaye. Hatujapanga hivyo. Tumekubaliana tu kwamba ikibidi, njia ni hiyo.

Usidhani nalia kila siku. Udongo chini ya yale majivu haukufa. Nilipouchimbua niliukuta mweusi, na vitunguu vimeshika vizuri. Vimeshika vizuri mno. Jioni, kabla watu hawajapita kutoka machungani, huwa nazunguka matuta yangu, na nikiona jani lililozidi kijani kuliko la jirani, nalichuma.

Msalimie sana wifi Justa, wabusu watoto, na uwape pole wote wa kwetu walioumia kwa habari zangu. Mageni anakusalimu. Mungu akulinde huko chini ya ardhi, nasi atulinde huku juu yake.

Ni mimi mdogo wako,
Scolastika, Mama Bernadina