Baba, Bolti za Kiti cha Keza Zimepatikana

Baba yangu mpendwa,

Keza amelala na sare ya shule mwilini, amekataa kuivua. Idrisa amekwenda msikitini. Mimi nimekaa kizingitini na karatasi magotini, nikasema nikuandikie wewe kwanza kabla sijampigia mtu mwingine yeyote. Unajua mimi darasani niliishia la sita, kwa hiyo usitafute maneno magumu humu. Ulikuwa ukiniambia, "Andika kama unavyoongea, atakayesoma atakusikia." Basi nisikie.

Bolti za kile kiti zimepatikana.

Ah, lakini wewe hujui hata kama zilipotea. Zilipotea kwenye matanga yako, Baba. Siku ile watu walijaa uani mpaka barabarani. Viti vya majirani vikaisha, mikeka ikaisha, wazee wakawa wanasimama. Baba mdogo Yusufu akaona aibu. Akachukua spana, akafungua kile kiti kirefu cha katikati cha gari lako, akakiweka chini ya turubai. "Kaka angekuwepo angekifungua mwenyewe," akasema. Na kweli ungekifungua. Wazee wakakigombea kwa sababu ni laini, na mzee mmoja, simtaji, alikoroma juu yake dua ikiendelea. Nililia nikacheka hapo hapo. Bolti zenyewe Baba mdogo aliziweka kwenye sahani ya plastiki ili zisipotee. Sahani ikaenda kwa waosha vyombo, bolti zikaenda na mabaki ya pilau, mabaki yakaenda na gari la taka. Tuliokota moja tu, ilikuwa imeviringika chini ya pipa la maji. Tatu hazikuonekana.

Hakuna aliyejali wakati ule. Gari likakaa, kiti kikakaa sebuleni, Keza akawa analala juu yake mchana.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimpeleka kwenye mazoezi ya mgongo? Mimi nyuma, yeye amelala mapajani mwangu kwa sababu hawezi kukaa mwenyewe, wewe unaendesha kama umebeba mayai. Ulikuwa unainamisha kioo cha ndani ili umwone. Siku moja tumesimama kwenye taa, ukasema, "Mtoto huyu anaijua Kigali kwa mawingu tu. Anapita mjini haoni mtu." Taa ikawaka kijani, ukaondoa gari. Halafu ukasema utamtengenezea kiti chake, chenye ubavu huku na huku na mikanda ya mabegani. Ulianza hata kupima kwa kamba. Ndipo ukaugua.

Sasa mwaka huu ikapatikana shule Kinyinya inayopokea watoto kama yeye. Mwalimu mkuu alinipenda, au alimpenda Keza, sijui. Akasema nafasi iko, lakini wiki ya kufungua shule mtoto awe amefika, la sivyo anapewa mwingine anayesubiri. Kumpeleka kwa moto, hizi pikipiki za abiria, haiwezekani. Basi la asubuhi nalo, watu wamesimama wamebanana, mimi na mtoto wa miaka sita aliyelala mikononi, kila siku, nitaweza mpaka lini? Idrisa akasema, "Mke wangu, tuliamshe gari la mzee."

Tukapeleka kile kiti Kimisagara, kwenye magereji. Fundi akakitengeneza upande mmoja kwa Keza, akapandisha mgongo, akaweka ubavu wa sponji na mikanda minne, upande wa pili akaniachia mimi nikae. Kikawa kizuri, Baba, mpaka mafundi wa jirani wakaja kukikalia. Kilichobaki ni kukifunga kwenye gari tu. Nikacheka, nikasema bolti tatu, hiyo ni kazi ya dakika ngapi?

Nilizunguka Kimisagara yote na ile bolti yetu moja mkononi. Duka la kwanza jamaa hakuitazama hata. "Bolti ni bolti, mama, chukua." Nikachukua. Ikazunguka mara mbili tundu likaikataa. Duka jingine wakasema iko Kampala. Jingine wakasema gari lenyewe liko wapi siku hizi, wenzenu wameshayauza kama chuma chakavu. Fundi wetu akanionyesha kwa ukucha: "Angalia. Hii meno yake iko membamba, imekaribiana. Hizi za dukani meno yake iko mapana. Na chuma yake ni laini."

"Lazimisha basi," nikamwambia.

"Nikilazimisha naharibu tundu. Halafu siku bwana yako anafunga breki ghafla, kiti inakwenda mbele na mtoto. Mimi sifungi."

Fundi wa pembeni akadakia, "Mimi nachomelea, mama. Hakitoki mpaka Kiyama."

"Bati la chini limechakaa," wetu akamjibu. "Kiti haitatoka, ni kweli. Itatoka na sakafu."

Nilirudi nyumbani nimechoka, Baba. Sikulia, lakini nilimkaripia Idrisa kwa sababu ya chumvi kwenye maharage, na wewe unajua nikifika kwenye chumvi mambo yameharibika.

Jumamosi ikawa umuganda, mtaa mzima kwenye kazi ya pamoja. Tulikuwa tunazibua mfereji pale chini ya mteremko, mimi nina jembe mkononi na bolti mfukoni. Nilikuwa natembea nayo kila mahali kama hirizi. Baada ya kazi tukakaa kwenye mkutano. Mkuu wa mudugudu, mtaa wetu huu, akasema ya taka, ya maji, ya vijana wanaopiga muziki. Mwisho akauliza kama kawaida, "Kuna mwenye la kusema?" Hapo huwa watu wanatazama chini ili waende nyumbani. Mimi sijui nilisukumwa na nini. Nikasimama, nikainua bolti juu.

"Natafuta ndugu za huyu," nikasema.

Watu wakacheka. Mkuu akasema, "Mama Keza, huu ni mkutano, si gereji." Lakini hakuniambia nikae. Nikaeleza yote, kiti, shule, breki. Bolti ikapita mkono kwa mkono. Kila mwanaume aliigeuza akaifinyia jicho moja kama daktari, akampa mwenzake. Mmoja akasema ni ya trekta. Mwingine akamwambia, "Wewe trekta umeiona wapi?" Ikazunguka hivyo mpaka ikafika kwa Mama Divine, yule anayeuza mayai. Yeye hata hakuitazama.

"Bolti mimi sizijui," akasema. "Lakini gari kama la marehemu nalijua. Liko Kinyinya, kwa mukecuru mmoja, bibi kizee anayeniuzia mayai. Kuku wake wanalala ndani."

Baba, nilimkumbatia na matope yangu yote.

Mchana ule ule tukapanda moto mbili, mimi, Mama Divine na Idrisa, yeye na spana zako begani. Gari tulilikuta nyuma ya nyumba, halina magurudumu, majani yametokea kwenye taa. Mukecuru mwenyewe mdogo, mkavu, mchangamfu. Akasikiliza habari yote mpaka mwisho, akasema, "Chukueni mnachotaka. Lakini huyo msimguse."

Huyo alikuwa kuku mwekundu. Amelalia mayai, na amelalia wapi? Juu ya kile kiti cha katikati, Baba. Kiti chetu kile kile, pacha wake.

"Tumhamishe kidogo tu," Idrisa akasema.

"Oya, hapana. Ukimhamisha anayaacha mayai. Wewe mkeo ulimhamisha alipokuwa na mimba?"

Idrisa akajibu, "Nilimhamisha, tulihama nyumba," na mukecuru akacheka mpaka akashika mlango. Lakini kuku hakuhamishwa. Ikabidi bolti zifunguliwe yeye akiwa juu. Mukecuru akaingia, akaketi pembeni, akamfunika kuku kwa kitenge chake, akawa anamwimbia chini chini. Idrisa akapiga magoti kwenye mavi ya kuku. Tukatia mafuta kwenye kutu tukasubiri, tukanywa chai, tukatia tena. Nikamwambia Idrisa afungue polepole, kama unavyomvua viatu mtoto aliyelala. Mimi nikawa nampa spana. "Kumi na nne," anasema, nami mkono unakwenda wenyewe, kwa sababu namba za spana wewe ulinifundisha kabla mwalimu hajanifundisha kuhesabu. Ulikuwa umelala chini ya gari, naona miguu yako tu, na ule mkono mweusi wa grisi unatokea, unafunguka, unangoja. Sikuwahi kukosea. Ukisema "asante, injinia wangu," nilikuwa natembea siku nzima nimevimba kichwa.

Kwenye bolti ya tatu kitenge kikateleza na kuku akamdonoa Idrisa kwenye kidole.

"Anauliza kitambulisho," Mama Divine akasema kutoka mlangoni.

Zikatoka zote tatu tulizozihitaji. Nikamwuliza mukecuru kama kuku hatasumbuka, kiti chake sasa kimebaki na bolti moja. Akajifuta macho kwa kicheko. "Yeye hasafiri," akasema. Hakutaka kitu. Alisema tu vifaranga vikitoka tumlete mtoto avione, tena aletwe na hilo gari, alione likitembea.

Jumapili fundi alizisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya dizeli mpaka zikang'aa. Akaweka ya kwanza kwenye tundu, akaizungusha kwa vidole viwili tu. Ikaingia yenyewe, laini. Akachukua ya pili. Zote nne hivyo hivyo. Akamalizia na spana, kisha yeye na Idrisa wakakivuta kiti, miguu wameikaza sakafuni, kama wanaong'oa kisiki. Gari zima likatikisika, kiti kikakaa pale pale.

Na leo, Baba.

Leo asubuhi nimemfunga Keza mikanda yake. Akakaa. Kichwa juu, mgongo umenyooka, mikono magotini kama bibi harusi. Idrisa akawasha gari lako, likakohoa, likakubali. Tulipotoka barabarani Keza alishtuka, akanishika. Nilifikiri ameogopa. Kumbe ameona watu. Watu wana miguu, Baba, watu wanatembea, mama amebeba ndizi kichwani, mwanafunzi anafunga kiatu, wote wako hapo hapo, usawa wa macho yake. Akaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja. "Yule. Yule. Na yule." Kwenye taa akampungia mkono dereva wa moto, ule mkono wake unaochelewa. Yule kijana akangoja mpaka mkono ukafika juu, naye akafungua kioo cha helmeti, akampungia. Abiria wake naye akapunga.

Tukaingia kwenye mzunguko wa barabara, Idrisa akataka kutoka. Keza akasema, "Tena."

Unajua yeye maneno yake ni machache. Idrisa akanitazama kwenye kioo. Akazunguka tena.

"Tena."

Sikuhesabu tulizunguka mara ngapi. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, askari wa barabarani akawa anatugeukia, na Keza anasalimia kila mtu wa Kigali. Tulipofika shuleni, watoto wengine wameshaingia darasani. Mwalimu mkuu amesimama getini, akatazama saa yake, akasema, "Siku ya kwanza, na mmechelewa."

"Tusamehe, mwalimu," Idrisa akamjibu. "Alikuwa na watu wengi wa kuwasalimia."

Akampokea. Nafasi yake ilikuwepo.

Sasa nasikia Idrisa anafungua geti, na mimi sijaweka hata maji motoni. Nakuacha hapa, Baba. Mungu akupe mahali pa upana na upepo mzuri. Asubuhi tutatoka mapema zaidi, kwa sababu ya ule mzunguko.

Ni mimi, binti yako wa mwisho, mama yake Keza.