Vifuniko vya Mama Nyuma ya Kioo

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu uliposhusha mkasi ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuushika tena. Jogoo wa boksi uliyekuwa unamkata bado ana mguu mmoja. Baba amemsimamisha dirishani, na kila upepo ukivuma anamwokota na kumsimamisha tena.

Mtaa mzima ulikujua kwa jina la Mwalimu Vifuniko. Haikufunguliwa chupa karibu nawe kifuniko chake kikapotea. Ulivichemsha kwenye sufuria ya chai, tukakua tukidhani chai yote duniani ina ladha ya soda. Baba akitafuta soksi asubuhi, ulimjibu bila kugeuka kwamba moja ipo darasani inafundisha herufi, avae iliyobaki. Darasa lako la chekechea halikuwa na zana za dukani, lakini hakuna mtoto aliyekaa mikono mitupu.

Kinyaa hukukijua. Kamasi, matapishi, suruali zilizolowa, vyote ulivipokea kama mtu anayepokea barua. Alipoletwa Kitufe, yule binti mdogo ambaye sikio lake la kushoto lilitoa usaha na harufu, walimu wengine walimkalisha peke yake karibu na mlango. Wewe ulimvuta mezani kwako. Kila asubuhi ulimsafisha kwa pamba, na kaka, ambaye ni muuguzi, alipokuja likizo kutoka hospitalini akamtibu. Kitinda mimba wako, aliyekuwa bado chuoni akisomea kazi yako, alikunja uso siku moja alipokusaidia. Ulimwambia taratibu, "Sikio halisafishwi kwa kukunja pua, mwanangu." Aliona aibu wiki nzima.

Mwaka huu, Mama, sisi tumekijua kinyaa.

Ulipotimiza miezi miwili kaburini, alikuja yule Mkufunzi wa kituo cha walimu. Aliketi kwenye kiti chako, akanywa vikombe viwili vya chai, akasema anataka kukuenzi. Aliomba maboksi yako matatu ya zana na daftari lako la jalada la buluu, lile uliloandikia miaka ishirini na sita namna ya kumfikia kila mtoto. Baba alimpa kwa mikono miwili. Kitinda mimba wako alikuwa amesimama na sinia. Alitaka kuuliza vitarudi lini, lakini unamjua, akaishia kumwongezea chai.

Ilipita miezi minane, kitinda mimba wako, sasa mwalimu, akaitwa kwenye semina pamoja na wenzake. Kitu cha kwanza alichokiona ukumbini ni kabati la vioo lenye kufuli. Ndani yake walikuwamo midoli wa soksi za Baba, wamepigwa pasi. Vifuniko vyako vilikuwa vimebandikwa kwa gundi kwenye kitambaa cheupe, vimepangwa kama vidonge. Juu yake pameandikwa: USIGUSE. Vitu ulivyotengeneza ili viguswe, virambwe, vitupwe chini na kuokotwa! Akatafuta kiti karibu na mlango, pale anapokaa siku zote.

Kisha wakagawiwa kitabu. Karatasi zake zinang'aa, zina harufu ya rangi, na jaladani anatabasamu Mkufunzi. Kitinda mimba wako alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Maneno yalikuwa yako, mpaka nukta. Jina lako halikuwapo hata kwenye shukrani, ila dereva wa kituo ameshukuriwa.

Mkufunzi alisoma kanuni ya tatu kwa sauti: mwalimu asimame daima mkono wa kulia wa mtoto anapozungumza naye, asithubutu kushoto. Akawaamuru wafanye mazoezi wawili wawili. Watu wazima arobaini wakawa wanazunguka viti, wanagongana makalio, wanaombana radhi. Mwalimu mmoja mnene, mcheshi, aliuliza afanye nini, maana watoto wake wamekaa wameegemea ukuta upande huo huo wa kulia, atoboe ukuta? Akajibiwa kwamba utafiti wa kisasa umeonyesha ubongo wa mtoto hupokea kutokea kulia. Walimu waliandika. Mama, waliandika hilo kwenye madaftari yao.

Kitinda mimba wako alijua kanuni hiyo imetoka wapi. Alikuwepo ulipoiandika. Ilikuwa mistari miwili pembeni mwa ukurasa, ya kujikumbusha: simama kulia kwake.

Akasimama.

"Samahani, Mkufunzi," alisema. "Huyo mtoto alikuwa mmoja."

"Mtoto yupi?"

"Alikuwa hasikii kushoto. Mama yangu alisimama kulia ili amsikie. Mwaka uliofuata alikuja mwingine asiyesikia kulia, Mama akahamia kushoto. Kila alichoandika kina mtoto wake. Wamo kwenye kurasa za nyuma za daftari."

Mkufunzi alicheka kidogo, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Kurasa za nyuma zilikuwa na majina ya watoto tu, binti. Tuliziacha."

Mwanao anasema hajawahi kusikia neno lililonuka kuliko lile "tu". Aliomba ufunguo wa kabati. Akaambiwa aandike barua, ipitie ngazi zote. Safari hii hakuishia njiani: "Ni vitu vya mama yangu. Navirudisha kwa watoto leo."

Hapo mwalimu mcheshi aliinuka, akazunguka meza polepole, akasimama kulia kwa Mkufunzi. "Nimekuja upande wako unaopokea, mzee. Leta ufunguo."

Alicheka mmoja, wakacheka wote, na Mkufunzi akaanza kupapasa mifuko.

Vilirudi nyumbani siku ile ile, pamoja na daftari. Dada aliviloweka vifuniko kwenye beseni akabandua gundi kimoja kimoja kwa kucha, huku akitukana kwa sauti ya chini matusi ambayo ungemkanya. Jumatatu vilimwagwa mkekani darasani. Mtoto wa kwanza kuvifikia alipiga chafya juu ya vyote, akavifuta kwa kiganja, akaendelea kuhesabu. Kitinda mimba wako hakukunja uso.

Kitabu kile bado kinagawiwa. Walimu mnaosoma kumbukumbu hii, tafadhali: kanuni ya tatu ni binti mmoja aliyeumwa sikio. Mtoto wenu muulizeni wenyewe anasikia wapi. Daftari la Mama lipo nyumbani kwetu, njooni mlisome, na mlianze kwa kurasa za nyuma.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye soksi zake sasa zimekamilika na hazipendi, mwanao wa kwanza muuguzi, binti yako mshonaji, kitinda mimba wako mwalimu, mkweo na wajukuu wawili, walimu wenzako, na Kitufe, ambaye sikio lake limepona na siku hizi anajibu hata asipoulizwa.

Daima tutakukumbuka, Mama, na kila tukikuita tutasimama upande unaotusikia.