Bomba la Shaba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemfunga Mama kidonda cha mguu. Harufu imepungua. Uji, vidonge vya sukari, kisha kompyuta juu ya meza ya kulia. Umeme haujakatika, jambo la nadra hapa Msambweni. Data za jana zimefika kutoka maabara yetu Ulaya. Positroni bado zinaanguka isivyotarajiwa. Profesa Anton ameandika neno moja: Tena! Ana furaha. Nami nina furaha. Mwezi ujao ni mimi nitakayesimama mkutanoni kusoma matokeo.

Mama ameniuliza naangalia nini humo kutwa nzima. Nikamwambia tunaangusha chembe ndogo mno ndani ya bomba refu la shaba lisilo na hewa, tujue dunia inazivuta kwa nguvu gani. Akasema, "Haya. Mradi unarudi nyumbani." Nipo nyumbani tangu alipokatwa kidole cha mguu. Amesahau.

Jumatano, 6 Agosti
Positroni ni pacha wa elektroni, ila chaji yake imegeuka. Antimata. Wengine wameshaangusha atomu za antimata zisizo na chaji, zikaenda chini kama jiwe. Sisi tulishika njia ngumu, chembe yenye chaji. Tulionywa. Elektroni moja tu iliyokwama mita tano hivi kando yaivuta chembe yetu kwa nguvu ile ile ambayo dunia nzima yaivutia. Dunia nzima, na milima yake. Bomba ni la kuzuia umeme wa nje. Umeme wa bomba lenyewe ndio usionipa raha.

Leo nimeona jambo nisilolipenda. Mwezi wa tano bomba lilipashwa moto likasafishwa. Kabla ya hapo positroni zilianguka kwa namna moja. Baada yake, kwa namna nyingine. Tofauti ni ndogo. Lakini mvutano wa dunia haujui kama bomba limeoshwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Huenda nimekosea hesabu. Nakosea mara nyingi.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikukosea.

Shaba ina mabaka usoni, hayaonekani kwa macho, na kila baka lina umeme wake mdogo. Tuliamini kwamba bomba likipozwa hadi baridi kali mabaka hunyamaza. Hayakunyamaza. Tulikuwa tukipima ngozi ya bomba. Ile tofauti tuliyoishangilia, ya kuanguka kusikotarajiwa, si ya antimata. Si ya kitu chochote.

Kaka yangu Bakari amekuja kutoka Ukunda, anakofanya kazi hotelini. Ameleta changu wawili. "Sister, nimeshawashow wageni wote, wewe ndiye utakayetangaza ile kitu." Nikatabasamu. Nilitaka kumfukuza. Samaki sikumla.

Jumanne, 12 Agosti
Ningeweza kunyamaza. Data za kabla ya mwezi wa tano zikitolewa, grafu inanyooka, inapendeza. Sababu haikosekani: vyombo vilikuwa vipya, tulikuwa bado twajifunza. Nani angeuliza? Mkataba wangu waisha Desemba. Profesa yuko karibu kustaafu. Nimeichora grafu hiyo. Nimeitazama muda mrefu. Nilijichukia, na bado sikuifuta.

Mama amelalamika kwamba bendeji nimeikaza mno. Kweli, niliikaza.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemwambia Profesa, kwa simu ya video.

Alikuwa ofisini kwake, kikombe mkononi. Nilimwonyesha zote mbili, kabla na baada. Aliweka kikombe chini, akavua miwani.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Profesa."

"Umelijua lini?"

"Jumatano iliyopita."

"Leo ni Jumatano, Mwanasha."

"Ndiyo."

Akaifuta miwani. Kisha akasema bomba lile alilichora yeye wakati mwanawe wa kwanza alikuwa bado tumboni, na sasa mwanawe huyo ana watoto. Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika. Picha ikakwama, simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Ijumaa, 15 Agosti
Barua pepe imekuja mchana, watu wakitoka msikitini. Matokeo yameondolewa mkutanoni. Wafadhili wamesimamisha mradi. Pampu zimezimwa, bomba limefunguliwa, hewa imeingia. Mkataba wangu hautaendelea. Mwenzangu mmoja ameniandikia kwamba ningeongea naye kwanza. Hakuongeza neno, hata salamu.

Nimelia bafuni, nikimimina maji kwa kata ili Mama asisikie.

Kibaya zaidi ni hiki. Hata tungepata bomba safi kuliko yote, elektroni zilizomo ndani ya shaba yenyewe nazo zina uzito. Zinashuka kidogo, na kushuka huko kunazaa umeme unaolingana na kile tunachokipima. Tulilijua, tukasema tutalihesabu, tutalitoa. Sasa siamini kwamba tungeweza. Ujana wangu wote umeingia humo. Sina cha kuonyesha.

Jumamosi, 16 Agosti
Sikufungua kompyuta. Nimefunga kidonda. Nimelala.

Jumanne, 19 Agosti
Mama ameniita barazani. "Mwanangu, kazi imekufa?"

"Imekufa, Mama."

Akasema innalillahi, taratibu, kama wanavyosema matangani. Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Bakari alipopiga simu kuuliza habari za mkutano, Mama alimjibu, "Dada yako amefiwa. Muache." Kisha akajikokota jikoni na mkongojo wake, akakataa nisimsaidie, akapika wali wa nazi. Nimekula. Ni chakula cha kwanza nilichokisikia ladha.

Huzuni haikunitoka. Ila sasa ina jina.

Jumapili, 24 Agosti
Mvua ndogo tangu alfajiri. Kidonda kimeanza kufunga pembeni.

Profesa amenipigia simu. Sauti yake imekuwa ya mzee. Ameniomba tuandike pamoja makala ya mwisho, si ya positroni, ya bomba: mabaka, joto, kila kitu kilichotudanganya. Wasije wengine wakapoteza umri humo humo, alisema. Akaniomba nianze mimi. Sikuwa na hamu. Nikakubali.

Mama amelala. Baada ya adhuhuri nimeandika sentensi moja: Kwa chombo hiki hatukuweza kupima mvutano wa dunia juu ya chembe yenye chaji.

Nimeisoma tena. Haina kosa.