Mafundo ya kamba ya babu

Bene, siku tuliyomzika kaka Wanzagi ndiyo siku daftari lake la utafiti lilipopotea. Leo nimeliona.

Clementi! Yule rafiki yake aliyelia msibani kutuzidi sisi. Kasimama kwenye kongamano la wanafunzi wa uhandisi hapa Musoma, daftari mkononi, anaeleza kisima cha Kiriba alichochimba babu enzi za Ujamaa. Eti "utafiti wangu". Wangu!

Ukutani akaonyesha kina cha maji: mafundo kumi na manne.

Nikanyoosha mkono. "Mhandisi, fundo moja ni mita ngapi?"

Akaanza kupekua kurasa za daftari. Kisha eti, "Dada, hicho ni kipimo cha kienyeji tu."

"Fundo hadi fundo ni babu alivyonyoosha mikono yake miwili. Wanzagi alikuwaga anapima kwa kamba hii." Nikaitoa kwenye mkoba. Profesa aliyeongoza kongamano akashuka jukwaani kuhesabu mafundo mwenyewe: kumi na manne.

Clementi akanisogelea, akaninong'oneza, "Dada, tuyamalize kifamilia."

Nikamjibu ukumbi mzima usikie: "Familia gani?"

Alitota jasho, nami nikafurahi. Mungu atanisamehe baadaye.

Daftari nimelichukua, hakuna aliyenizuia. Kamba anayo profesa hadi Jumatatu, aipime kwa mita.